Kabla Hujafika Ocean Road

Mgonjwa anayefikishwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale ufukweni Dar es Salaam, kwa kawaida ameshapita mikono mingi. Alianzia duka la dawa, akaenda zahanati, akapelekwa kwa mtaalamu wa miti shamba, akaombewa, akafika hospitali ya wilaya, akaambiwa arudi baada ya mwezi. Kila mlango ulimpa kitu: antibayotiki, vidonge vya maumivu, dawa ya kunywa siku saba. Bahasha yake ya kaki imejaa karatasi, lakini mara nyingi haimo ile moja ambayo bila hiyo tiba ya saratani haianzi. Hiyo ni karatasi ya majibu ya kinyama.

Kwa hiyo tuanzie hapo. Mashine na gharama zitafuata.

Kinyama ni kipande kidogo kinachochukuliwa kwenye uvimbe au kidonda. Daktari wa patholojia hukikata vipande vyembamba kupita karatasi, hukitia rangi na kukitazama kwa hadubini. Ultrasaundi na eksirei hutia shaka tu, na neno la mwisho ni la kinyama: ni saratani au siyo, na kama ndiyo, ni ya aina gani. Wanawake wawili waliolazwa vitanda jirani, wote wakiwa na uvimbe wa titi, wanaweza kuhitaji dawa tofauti kabisa. Kwa titi kuna swali la ziada ambalo maabara inapaswa kulijibu: je, uvimbe huu unategemea homoni ili ukue? Ukiwa unategemea, vidonge vya tamoxifen vinavyomezwa kwa miaka mitano au zaidi vinakuwa sehemu kubwa ya tiba, na si dawa ghali. Mwombe daktari aagize kipimo hicho pamoja na kile cha kwanza, maana kukirudia baadaye ni wiki nyingine zinazopotea.

Wapo wanaokataa kutolewa kinyama kwa kuamini kwamba uvimbe ukiguswa na kisu unakasirika na kusambaa. Imani hiyo haikuzuka hewani. Watu wamemwona ndugu yao akitolewa kinyama, na baada ya miezi michache wakamzika. Ukiuliza vizuri, utakuta alikwenda hospitali saratani ikiwa imeshafika kwenye ini au mapafu, au alitolewa kinyama akarudi nyumbani na asifuate majibu hadi hali ilipokuwa mbaya. Aliyechelewa huonekana kama aliyeuawa na kisu. Nawasihi wanaosoma hapa wasiiache imani hii iendelee kupita kwenye vikao vya familia bila kujibiwa.

Kuna jambo dogo ambalo huharibu kazi yote. Katika hospitali nyingi, ndugu ndiye anayepewa kichupa chenye kinyama akipeleke maabara. Hakikisha kimewekwa ndani ya formalini, si kwenye spiriti wala maji ya dripu, na formalini ikifunike kabisa. Hakikisha jina, umri, tarehe na mahali kilipotolewa vimeandikwa kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko. Usikiweke nyumbani ukisubiri mwisho wa mwezi. Majibu yakitoka, chukua nakala mbili, na uulize kitalu cha nta chenye kinyama chako kimehifadhiwa wapi. Kule unakopewa rufaa wanaweza kukihitaji wakitazame upya, na kikiwepo hutatolewa kinyama mara ya pili.

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe. Jengo la zamani la Ocean Road lilijengwa na Wajerumani kati ya 1895 na 1897, likiwa hospitali ya Wazungu waliokuwa wakitawala mji. Robert Koch, yule mgunduzi wa bakteria wa kifua kikuu, alifanya utafiti wa malaria Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Kwa hiyo utafiti na tiba vilianza kukutana katika mji huu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ingawa wakati huo Mswahili wa mji huo hakuwa na nafasi kwenye vitanda vile. Baada ya uhuru hospitali ilifunguliwa kwa wote, baadaye ikawa chini ya Hospitali ya Muhimbili kwa tiba ya mionzi, na mwaka 1996 sheria ya Bunge ikaifanya taasisi inayojitegemea. Sheria hiyo iliipa kazi ya kutibu, kutafiti, kufundisha na kukinga, zote kwa pamoja.

Wasomaji wengi hawaoni shida na neno tiba, ila wakisikia utafiti wanashtuka. "Tumekuja kutibiwa, hatukuja kufanyiwa majaribio." Nimesikia kauli hii mara nyingi, na inastahili kujibiwa kwa mfano wa jirani zetu wa Kampala, kwa sababu hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo faida ya kuchanganya tiba na utafiti ilionekana wazi kama katika Hospitali ya Mulago.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari wa upasuaji aitwaye Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya uliokuwa ukikua kwa kasi ya kutisha, wengine taya zote za juu na chini. Kisu hakikufaa. Aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1958, halafu akaanza kuuliza unapatikana wapi. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakasafiri kusini, wakipita Tanganyika na nchi nyingine hadi Afrika Kusini, kama kilomita 16,000 kwenda na kurudi, wakisimama hospitali baada ya hospitali na kuuliza kama wamewahi kuona watoto wa namna hiyo. Walichokuta ni kwamba ugonjwa unakwepa nyanda za juu zenye baridi na sehemu kavu. Ulikuwa unaishi kule kule inakoishi malaria. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona kirusi ndani ya seli zake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mwaka 1967 pale Mulago pakafunguliwa kituo kidogo cha kutibu saratani hiyo kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, na daktari kijana John Ziegler akakiongoza. Hicho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watoto walipewa cyclophosphamide na dawa nyingine za dripu, na kila mmoja alifuatiliwa kwa makini: uvimbe umepungua lini, umerudi lini, dawa gani zikichanganywa zinazuia usirudi, nani amepata ugonjwa kwenye ubongo. Wengi wa waliofika mapema walipona kwa dawa tu, bila upasuaji, katika zama ambazo madaktari wengi duniani hawakuamini kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo. Wamarekani walipoondoka wakati wa Idi Amin, Profesa Charles Olweny na wenzake Waganda waliiendesha taasisi kwa shida kubwa, lakini hawakuifunga.

Watoto wale hawakuchezewa. Walitibiwa kwa dawa bora iliyokuwepo, na maelezo yao yakaandikwa vizuri kiasi cha kuwafaa watoto wengine, wa Mulago na wa Ulaya. Mtoto wa Bagamoyo au Kigoma anayepata uvimbe wa taya leo anatibiwa kwa maarifa yaliyoanzia kwenye mafaili yao. Na kwa kuwa tumemtaja mtoto: uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku mbili tatu. Mtoto ambaye meno yanalegea bila sababu na taya inavimba, au tumbo linajaa haraka, asipangiwe miadi ya wiki tatu kwa daktari wa meno. Vivyo hivyo mtoto ambaye mboni ya jicho lake inang'aa nyeupe kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi. Aonwe na daktari wa macho siku hizo hizo, kwa sababu inaweza kuwa saratani ya jicho, nayo ikiwahiwa huponyeka. Kwa Dar es Salaam, watoto wenye saratani hutibiwa Muhimbili.

Mtu mzima akifika Ocean Road na rufaa yake, bahasha iwe na barua ya rufaa, majibu ya kinyama, picha zote pamoja na maelezo yake, majibu ya damu, orodha ya dawa anazotumia pamoja na za miti shamba, na kadi ya kliniki ya CTC kama anaishi na virusi vya UKIMWI (VVU). Hili la mwisho watu hulificha. Usilifiche. Dawa za saratani na dawa za kufubaza virusi zinaweza kugongana, na daktari anayejua ataziweka pamoja salama. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye navyo, kwa hiyo pale Ocean Road hatakuwa wa kwanza wala wa ajabu.

Atafunguliwa faili, atapimwa upya, atapigwa picha za kuonyesha ugonjwa umefika wapi. Hatua ya ugonjwa, kuanzia ya kwanza hadi ya nne, ndiyo inayoamua kama lengo ni kuponya au kupunguza makali. Uliza hatua yako. Uliza na lengo la tiba, kwa maneno haya haya: "Daktari, tunatibu ili nipone, au ili nipate nafuu?" Ni swali gumu, na familia nyingi humzuia mgonjwa asiliulize, lakini mgonjwa ndiye atakayeuza ng'ombe au shamba kulipia nauli na chakula, na ana haki ya kujua anachokinunua. Kwa magonjwa mengi uamuzi hautolewi na daktari mmoja. Jopo hukaa: wa upasuaji, wa mionzi, wa dawa, wa patholojia, wa picha. Siku za kusubiri jopo huonekana kama uzembe, hasa kwa ndugu anayelala kwenye korido. Kuna uzembe mahali pengine, lakini jopo silo. Titi likikatwa haraka kabla jopo halijakaa, mara nyingi mgonjwa anakuwa amepoteza nafasi ya kupewa dawa kwanza ili uvimbe upungue na upasuaji uwe mdogo.

Saratani inayojaza foleni ya Ocean Road kuliko zote ni ya mlango wa kizazi. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ni kwamba wanawake zaidi ya 10,000 nchini Tanzania huipata kila mwaka, na zaidi ya 6,500 hufa kwayo. Tiba yake ni mfano mzuri wa jinsi mionzi inavyofanya kazi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ugonjwa ukiwa umevuka hatua ya upasuaji lakini haujasambaa mbali, mwanamke hupewa mionzi ya nje, kwa kawaida siku tano za wiki kwa wiki tano hivi, pamoja na dripu ya cisplatin mara moja kwa wiki. Kisha hufuata mionzi ya ndani: vyombo vidogo huingizwa ukeni hadi kwenye mlango wa kizazi, chanzo cha mionzi hupita humo kwa dakika chache, hutolewa, na hurudiwa mara kadhaa. Bila mionzi ya ndani, tiba haijakamilika, hata kama damu imekata na maumivu yameisha. Wapo wanawake wanaojiona wamepona baada ya wiki tatu za mionzi ya nje, na kuaga. Saratani inarudi, na ikirudi mahali palipokwisha kupigwa mionzi, nafasi ya kuirudia tena ni ndogo mno.

Namba ya kukumbuka ni wiki 8. Tiba yote, ya nje na ya ndani, inapaswa kumalizika ndani ya muda huo. Utafiti wa miaka mingi katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kila siku inayoongezeka hapo inapunguza uwezekano wa kuushinda uvimbe, kwa kuwa seli zilizobaki hutumia mapumziko kujizaa upya. Kwa hiyo msiba wa shangazi, mavuno, harusi, ada ya shule, vyote vipangwe kabla ya siku ya kwanza. Familia ikae kikao na kuamua nani atabaki Dar, nani atalea watoto, pesa ya chakula itatoka wapi. Mashine ikiharibika, muulize mtaalamu wa mionzi siku hiyo hiyo siku zilizopotea zitafidiwaje. Hilo ni swali la haki, na wanalo jibu.

Kuhusu mashine: kwa miaka mingi kazi ilifanywa na mashine za kobalti, ambazo chanzo chake hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo, hivyo mgonjwa hulala chini yake muda mrefu zaidi kadiri kobalti inavyozeeka. Mwaka 2018 Ocean Road ilianza kutumia mashine za LINAC, zinazotengeneza mionzi kwa umeme na kuilenga kwa umbo la uvimbe, ili kibofu na utumbo viumie kidogo. Kobalti bado inaponya na haina aibu. Kinachoumiza nchi ni kutegemea mashine moja. Uganda iliona hilo mwaka 2016, mashine yao pekee ilipokufa na wagonjwa wakakaa karibu miaka miwili bila mionzi nchini, wengine wakipelekwa Nairobi. Tanzania sasa ina mionzi pia katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na mgonjwa wa Kagera au Mara aulize huko kwanza kabla ya kukata tiketi ya basi kuja Dar es Salaam.

Kabla ya mionzi mgonjwa huchorwa alama za wino mwilini. Zisifutwe kwa dodoki. Sehemu inayopigwa ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, isipakwe poda, manukato wala mafuta ya kuchua, na nguo laini ya pamba ndiyo inayofaa, kanga inatosha. Kuharisha, mkojo kuuma na uchovu mkubwa hutokea. Vyote vina dawa, vitaje. Mionzi ya nje haimwachi mtu na mionzi mwilini. Anaweza kulala na mwanawe, kupika, kula sahani moja na familia. Baada ya mionzi ya nyonga uke hukauka na kusinyaa, na hedhi ya mwanamke kijana hukoma. Wauguzi wana maelekezo ya kuutanua taratibu ili ndoa iendelee na ili daktari aweze kumpima baadaye. Najua ni mazungumzo mazito mbele ya mume au mama mkwe. Omba faragha, uliza.

Dripu za saratani zina hatari moja ambayo kila nyumba inapaswa kuijua. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu hushuka, na mwili hauna askari wa kupambana na vijidudu. Homa ya nyuzi 38 na zaidi katika siku hizo ni dharura, hata usiku wa manane. Usimpe paracetamol ukasubiri asubuhi, wala usianze dawa ya malaria kwa kubahatisha. Nenda hospitali iliyo karibu na useme kwa sauti, "Huyu amepata dripu ya saratani juma lililopita," ili asiwekwe kwenye foleni ya kawaida. Nunua kipimajoto kabla ya dripu ya kwanza. Kati ya vitu vyote ninavyopendekeza hapa, hiki ndicho cha bei ndogo kinachookoa maisha mengi.

Chakula kimejaa masharti yasiyo na msingi: asile nyama, asile sukari, asinywe maziwa, anywe juisi ya majani tu. Mgonjwa wa saratani anakonda kwa ugonjwa, na kumnyima samaki, mayai na maharage ni kuusaidia ugonjwa. Dawa za miti shamba sizidharau. Dawa za vincristine na vinblastine zenyewe zilitoka kwenye ua la Madagaska linalopandwa kwenye bustani zetu. Lakini baadhi ya mizizi huumiza ini na figo, na cisplatin nayo inapita kwenye figo hizo hizo. Mwambie daktari unachokunywa, na ukiache walau wakati wa tiba.

Fedha. Sera ya afya ya Tanzania imeihesabu saratani kati ya magonjwa yenye msamaha kwa wasio na uwezo, lakini msamaha haulipi nauli, chumba, wala kila kipimo kinachofanyika nje. Mwone ofisa ustawi wa jamii siku ya kwanza, si siku pesa ilipoisha. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Mwenye bima aulize mapema ni dawa zipi zinahitaji kibali, kwa kuwa kibali huchukua siku.

Turudi kwenye utafiti, sasa kwa upande wa mgonjwa aliyekaa mbele ya mtu mwenye dodoso. Anaulizwa alizaliwa wapi, anapika kwa kuni au mkaa, chai anaipenda ya moto kiasi gani. Maswali hayo si udaku. Saratani ya umio, ile inayomfanya mtu ashindwe kumeza ugali kisha hata uji, imejaa katika ukanda unaoanzia Ethiopia na kupita Kenya na Tanzania hadi Malawi, na sababu zake bado zinatafutwa. Muhimbili, Ocean Road na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wamekuwa wakiifuatilia pamoja. Watafiti wa Kilimanjaro walipima hata joto la chai watu wanayokunywa. Mwaka 2016 IARC ilitamka kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Ipoze kidogo kabla ya kunywa. Hilo halihitaji kusubiri utafiti uishe.

Utafiti wowote halali nchini umepitishwa na kamati ya maadili, ikiwemo ile ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na majaribio ya dawa husimamiwa pia na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Utaletewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili. Isome au usomewe na mtu wako, peleka nyumbani ukitaka, uliza nini kitaongezwa kwenye tiba ya kawaida, nani atalipia madhara yakitokea, damu au kinyama chako kitapelekwa nchi gani. Unaweza kukataa, na unaweza kujitoa katikati, na tiba yako ya kawaida itaendelea vilevile. Mtu akikuambia kwamba usiposaini hutatibiwa, huyo anavunja sheria za utafiti. Mtaje kwa uongozi. Na ukiona maelezo yako wazi, mimi ningekushauri ukubali. Dawa nyingi za saratani zilijaribiwa kwa miili na mazingira ambayo si yetu, na tukibaki nje ya hesabu tutaendelea kupewa dozi zilizopimwa kwa wengine.

Maumivu yasivumiliwe. Morfini ya maji, inayonywewa kila saa nne, ni salama ikifuatwa vipimo, na kuanzishiwa si tangazo la kifo. Wapo walioitumia, wakaponywa uvimbe, wakaiacha. Hufunga choo, kwa hiyo iende pamoja na dawa ya kulainisha. Kitengo cha tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza maumivu na mateso, kinamhudumia pia mgonjwa anayeendelea na dripu, na hushauri familia jinsi ya kumhudumia nyumbani.

Asiyeumwa naye ana kazi pale. Ocean Road ina kliniki ya uchunguzi wa awali, na huduma hiyo ipo pia katika hospitali na vituo vingi vya afya vya wilaya, kwenye kliniki ya mama na mtoto. Mlango wa kizazi hupakwa siki maalumu. Pakigeuka peupe, mabadiliko hutibiwa kabla hayajawa saratani, mara nyingi siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza miaka 30, na 25 kwa anayeishi na VVU. Binti wa miaka 9 hadi 14 apewe chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii. Ilianza nchini kote mwaka 2018 na tangu 2024 ni dozi moja tu. Maneno kwamba inafunga kizazi yamezungushwa mno kwenye simu. Wasichana wa Australia na Uingereza waliochanjwa tangu 2007 na 2008 wamekua, wamezaa, na saratani hiyo imepungua sana kwao.

Aliyemaliza tiba atapewa tarehe za kurudi, kwa kawaida kila miezi mitatu kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tano. Damu ikitoka tena, mguu mmoja ukivimba, mgongo ukiuma usiku, kikohozi kikikaa wiki tatu, usingoje tarehe. Ukibadilisha namba ya simu, ipeleke masjala ya taasisi pamoja na namba ya jirani au mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu wanaofuatilia wagonjwa hupiga, na faili la mtu asiyepatikana huandikwa hajulikani alipo, hata kama yuko Tandahimba shambani kwake akipalilia mikorosho.